Mavyaa amemwapia mgombea kura za nyumba nzima. Je, na mimi nimefungwa?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku kwa kuwa mchana siwezi. Nyumba yetu ina masikio mengi.

Naishi Kisauni, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6. Vitatu vina wapangaji, vitatu ni vyetu: mimi na wanangu, mavyaa, na wifi yangu wa miaka 19 ambaye juzi juzi tu amejiandikisha kupiga kura. Mume wangu ni mlinzi Doha, mwaka wa tatu huu. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi barazani.

Uchaguzi ni Agosti 2027, lakini kwetu milango imeshaanza kubishwa. Wa kwanza hata hakubisha. Ilikuwa baada ya Isha, nakanda unga wa kesho, nikasikia sauti za wanaume ukumbini. Walikuwa wanne, pamoja na mama mmoja wa mtaa wa pili anayeijua nyumba yetu. Yeye ndiye aliyewapitisha moja kwa moja mpaka chumbani kwa mavyaa. Nilipojifunga leso nikatoka, nikamkuta huyo anayetaka udiwani amekaa kitandani kwake, amemshika mkono, anamwita mama.

Mavyaa amepita miaka 70. Ana mtoto wa jicho, haoni sawasawa, ingawa kijiko kikianguka jikoni yeye ndiye wa kwanza kuuliza nani kaangusha. Alifurahi. Tangu mwanawe aende Doha hakuna mwanamume aliyekaa naye akamsikiliza muda ule.

Waliahidi mengi. Barabara, basari ya wanangu, walimu wa kuongezwa shule ya msingi, kituo cha polisi. Kijana mmoja akaniambia, "Dada, lete vitambulisho tuandike majina ya basari." Nikaleta vyote vitatu, changu, cha mavyaa na cha wifi. Akavipiga picha kwa simu mbele na nyuma, akaandika na nambari zetu za M-Pesa.

Kisha wakatoa Msahafu. Shangazi, walikuja nao, umefungwa vizuri kwa kitambaa. Wakamwekea mavyaa mkononi, wakamwambia aape kura za nyumba hii ni zao. Akaapa: "Wallahi, nyumba hii ni yako, mwanangu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuapa, lakini sikukataa pia. Wakaacha shilingi 3,000, pakiti mbili za unga na leso moja. Yule mama akamwambia mavyaa asijali, siku ya kura watamletea gari, na mtu wao ataingia naye kumpigia kwa kuwa macho hayaoni.

Siku kama 10 baadaye, saa kumi alasiri, akaja mwalimu wa tuisheni aliyemfundisha mwanangu wa kwanza kusoma. Kumbe naye anawania. Alikuja kwa miguu, peke yake, na daftari. Alipiga hodi barazani akangoja. Nikamwambia mavyaa amelala na mimi nina kazi. Nilisema uongo. Hakutoa kitu. Aliuliza mtungi wa maji tunanunua kwa bei gani, na ule mtaro wetu mara ya mwisho kuzibuliwa ni lini, akaandika. Mimi nilikuwa natazama chini. Aliponiaga aliniita kwa jina la mwanangu, na mpaka leo naona haya.

Nilimpigia mume wangu. Akacheka: "Pesa za wanasiasa ni zetu. Kuleni, halafu kila mtu apige anavyotaka." Nikamwambia kuna kiapo. Hapo akanyamaza, kisha akasema basi nisimfanye mama yake aonekane mwongo. Mavyaa anasema mimi ni mke wa nyumba hii, na nyumba imeshaapiwa. Wifi anasema yeye hatapiga kabisa, asije akavunja kiapo cha watu. Zile 3,000 zimekwisha kwa dawa ya presha ya mavyaa na tokeni za stima.

Je, kiapo cha mavyaa kinanishika na mimi? Wakijua sikuwapa kura itakuwaje, na vitambulisho wanavyo? Na hawa wengine watakaokuja nitawapokea vipi, na mimi sijafunzwa kumfukuza mgeni?

Mke wa nyumba iliyoapiwa, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Niliposimama sana si pale pa Msahafu, ingawa nako nitafika. Nilisimama pale ulipotazama chini mbele ya mwalimu wa mwanao. Mume wako anadhani pesa ile mmeila bure kwa kuwa siku ya kura bado haijafika. Lakini imeshafanya kazi. Mtu aliyepiga hodi na kungoja, akakuuliza habari ya maji yako na mtaro wako, umemfungia mlango kwa uongo, na wewe si mwongo. Aliyelipa 3,000 amepata alichokitaka hata kabla hujagusa karatasi ya kura: mwenzake hakusikilizwa.

Mwambie mume wako na hili, kwa upole, maana yuko mbali na anaumia kivyake. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 haimshiki mtoaji peke yake. Anayepokea hongo ili apige kura namna fulani naye ana kosa, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 2, au kifungo cha miaka 6, au vyote viwili. Sisemi kesho polisi watakuja kumkamata mavyaa kwa pakiti mbili za unga. Nasema neno "kuleni" linatoka kwa urahisi kwa mtu ambaye hatakuwepo mlangoni.

Sasa kiapo. Mimi si sheikh, kwa hiyo nitasema yale yanayojulikana, halafu mwende kwa mwalimu wa dini mnayemwamini. Kiapo ni cha aliyeapa. Mavyaa hawezi kukuapia wewe, wala wifi yako, wala mtoto aliye tumboni. Ulinyamaza mlangoni kwa haya na kwa kushtukizwa, na kunyamaza huko hakukuwa kuapa. Kura yako iko mkononi mwako kama ilivyokuwa kabla hawajaingia.

Kwa mavyaa mwenyewe mlango uko wazi pia. Tumefundishwa kwamba mwenye kuapa kisha akaona jambo jingine ni bora zaidi, afanye lililo bora na atoe kafara. Kafara yenyewe imetajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Kwa presha aliyo nayo mavyaa, habari ya kufunga muulizeni sheikh na daktari kwanza. Lakini ajue kwamba hakutiwa pingu. Huenda tangu usiku ule anatembea na mzigo huo na hana wa kumwambia, na ukali anaokuonyesha ni wa mzigo huo.

Na hapa niseme lililonikera kweli. Kumwendea mwanamke mzee usiku, haoni, mwanawe yuko ng'ambo, ukamwita mama kisha ukamwekea Msahafu mkononi ili upate cheo! Aliyefanya hivyo anajua kabisa kwamba sheria haimpi njia ya kujua mtu kapiga vipi, ndiyo maana akaja kutafuta kamba ya kumfungia moyoni.

Maana kujua hawezi. Katiba yetu inataka kura ya siri. Ile mashine ya kituoni inayosoma kidole, ambayo imetumika tangu 2017, inathibitisha kwamba ni wewe na kwamba hujapiga tayari. Haijui umemchagua nani. Kura ni ya karatasi, unaweka alama peke yako nyuma ya kizuizi, unakunja, unatumbukiza, na zinahesabiwa palepale kituoni zikiwa zimechanganyika. Akikuambia mtu "tutaona kwenye kompyuta," mjue anategemea hofu yako. Akikutaka uipige picha karatasi yako kwa simu, kataa, hata akiwa ndugu.

Ila nyumba yenu ina mwanya mmoja ambao wao wameuona na nyinyi hamjauona: macho ya mavyaa. "Mtu wetu ataingia naye." Hilo usiliache lipite.

Kanuni za uchaguzi zinamruhusu mpigakura asiyeweza kuona au kusoma aingie na msaidizi. Msaidizi anachaguliwa na mpigakura mwenyewe, si na chama wala mgombea. Awe ametimiza miaka 18, si lazima awe amejiandikisha kupiga kura, anatia saini kiapo cha kutunza siri, na haruhusiwi kusaidia zaidi ya mtu mmoja. Kwa hiyo yule "mtu wao" anayeahidiwa kila bibi wa mtaa hawezi kuingia na wote, wala na wawili. Lakini mpigakura akienda bila msaidizi, msimamizi wa kituo ndiye atakayempigia, na mawakala wa wagombea wanakuwepo. Hapo bibi analazimika kusema jina mbele yao. Nadhani umeshaelewa kwa nini gari lile lina hamu sana ya kuja kumchukua peke yake.

Basi aende na wewe, au na binti yake. Muulize yeye anamtaka nani kati yenu. Na akikuchagua wewe, nakuomba jambo moja ambalo litakuwa zito kwako. Akikuambia umpigie huyohuyo aliyemshika mkono, mpigie. Usiteleze kidole. Karatasi zitakuwa 6, ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na diwani. Msomee majina yote polepole kila karatasi, uweke alama pale anaposema yeye. Kinyume cha hapo utakuwa umefanya lilelile walilolifanya wao chumbani kwake, tofauti ni kwamba wewe ni mkwe wake.

Wifi yako naye asikae nyumbani. Kuna watu huku kwetu ambao wamekuwa wakinunua au kuchukua vitambulisho kwenye ngome za wapinzani wao, si kwa sababu wanataka kura hizo, bali ili wenye vitambulisho wasiende kupiga. Msichana wa miaka 19 akibaki kitandani siku ile, wamepata kazi hiyohiyo bila hata kulipia. Yeye hakuapa, hakupokea, na hata chumbani sikusikia ukisema alikuwepo. Hana deni.

Kuhusu picha za vitambulisho, usilale nalo. Nambari ya kitambulisho pamoja na ya simu ni ufunguo. Mwaka 2021 Wakenya wengi walishangaa kukuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo, na walikuja kujua pale tu msajili wa vyama alipofungua njia ya kuangalia mtandaoni. Pia anayetaka kuwania udiwani bila chama anahitaji kuungwa mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, na kuna wanaozitafuta nambari za watu kwa ajili hiyo. Wifi akusaidie kuingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za msajili wa vyama, muangalie majina yenu matatu. Mkikuta mmeandikwa, mnaweza kujiondoa. Kisha mpelekeeni yule kijana ujumbe wa maandishi, wenye tarehe, kwamba mlitoa vitambulisho kwa ajili ya basari, hamruhusu vitumike kwa jambo jingine, na mnataka picha zifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawapa haki hiyo, na wakikaidi kuna Kamishna wa Ulinzi wa Data wa kumlalamikia. Hifadhi ujumbe huo. Na PIN ya M-Pesa, mwanangu, asipewe mtu yeyote kwa ahadi yoyote.

Kushtaki hongo yenyewe ni uamuzi wako. Njia ipo, kwa tume ya uchaguzi au kwa polisi, lakini wewe ndiye unayeishi hapo, na yule mama wa mtaa wa pili mnakutana dukani. Sitakusukuma. Andika tu katika daftari lako siku, saa na kilichosemwa, kumbukumbu ikiwa mbichi.

Sasa wageni wanaokuja. Umesema hukufunzwa kumfukuza mgeni, na mimi sikufunzi leo. Lakini nyumba zetu wazee walizijengea baraza kwa sababu. Mgeni asiye wa ndani hukaa barazani, akapewa maji, akazungumzwa naye kwa heshima, na heshima yote ikatimia bila yeye kuvuka kizingiti. Chumba cha mavyaa si uwanja wa kampeni. Waambie wapangaji pia, maana mlango wa mbele ni mmoja, asiingizwe mtu ukumbini bila nyinyi kuitwa. Na usiku usipokee. Katika uchaguzi wa 2022 tume iliruhusu kampeni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Anayekuja baada ya Isha anaijua sababu yake mwenyewe. Mwambie, "Karibu kesho mchana, baba, leo tumeshafunga." Hujamtukana.

Akija na bahasha, mrudishie akiwa bado amesimama. Ukishaiweka juu ya meza, kuirudisha kunakuwa ugomvi. Sema, "Nyumba hii haipokei, lakini inasikiliza." Atakayekuwa na la kusema atakaa. Wengine utaona wanaanza kutazama saa.

Ndipo umuulize yanayomhusu. Diwani haajiri walimu wa shule ya msingi, kazi hiyo ni ya Tume ya Huduma za Walimu. Kituo cha polisi hakimo mikononi mwake pia, ni cha serikali ya kitaifa. Kwa hiyo mambo mawili kati ya yale mliyoahidiwa usiku ule yalitolewa na mtu asiyeijua kazi anayoiomba, au anayeijua akadhani nyinyi hamuijui. Vya kaunti ni zahanati, chekechea, masoko, taka, mitaro, barabara za kaunti, na huduma ya maji. Diwani mwenyewe hachimbi mtaro. Anakaa katika bunge la kaunti, anapitisha bajeti na sheria, na anamuuliza gavana pesa zimekwenda wapi. Mombasa ina wadi 30, kila moja inavutia kwake. Muulize atavutia nini kwenu na atakiacha nini. Muulize kama amewahi kukaa katika kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti, hata kimoja. Muulize habari ya mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka 5, maana wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na watakaochaguliwa ndio watakaoletewa mpya. Kama mtaro wenu haumo humo, mtaendelea kuutapisha kwa ndoo kila masika.

Na mwalimu umuulize hayohayo, bila kumpunguzia. Kuja kwa miguu na daftari ni adabu njema, nami imenigusa, lakini adabu haijazibua mtaro. Huenda akajibu vizuri. Huenda yule aliyekuja usiku naye, akiulizwa mchana mbele ya watu, akawa na jibu. Sikuchagulii.

Mavyaa usimwendee na sheria, mwanangu. Asubuhi umpelekee chai na mahamri mawili ya moto, ukae pale kitandani alipokaa yule mtu, umshike mkono. Mwambie hujaja kumlaumu, na kwamba dawa zile alizihitaji. Kisha mwambie habari ya kafara, na habari ya kwamba siku ile ataingia na mtu wake. Mpigieni baba watoto pamoja, simu iwe katikati, asikie kutoka kwa mama yake badala ya kwako.

Halafu mtumie salamu mwalimu, mwambie siku ile hukumpokea vizuri na unamwomba arudi. Siku atakayokuja toa kiti cha mavyaa barazani, akae mbele kabisa, kwa kuwa macho yake hayaoni lakini masikio yake, kwa habari uliyonipa, yanasikia kijiko kikianguka jikoni.